Tulivyoanguka Katika Mteremko wa Meru

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mtu akisimama asubuhi karibu na Mnara wa Saa wa Arusha, akaelekeza uso wake kaskazini, atauona Mlima Meru umesimama mbele yake, mara umefunikwa na mawingu, mara u wazi mpaka kileleni. Urefu wa mlima huo ni mita 4,562 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe umekaa kiasi cha mita 1,400. Kwa hiyo karibu kila njia itokayo mjini kwenda kaskazini ni ya kupanda, na kila njia irudiayo ni ya kuteremka. Sisi wakazi wa Arusha twalijua jambo hili kwa miguu yetu kabla ya kulisoma popote. Leo twapenda kuwaelezeni safari moja tuliyoifanya kwa baiskeli katika miteremko hiyo, na madhara yaliyotupata, ili yawe mazingatio kwa walio na baiskeli nyumbani, na hasa kwa wazazi wa vijana.

Safari ile ilikuwa siku ya Jumamosi, katikati ya mwezi wa Shaaban mwaka 1440, yaani Aprili 2019. Tulikuwa tumewekeana ahadi na mwalimu mwenzetu afundishaye watoto wachache upande wa Ng'iresi, kijiji cha Waarusha kilicho kiasi cha kilomita 7 kutoka mjini. Tulikuwa tumemkusanyia juzuu za watoto, tukazifunga juu ya karia. Baada ya Sala ya Alfajiri tulitoka Kaloleni, tukafika Sanawari, tukaivuka barabara kuu iendayo Moshi, ndipo tukaanza kupanda.

Kupanda kule hakuna ila kheri. Mtu akichoka hushuka akaisukuma baiskeli yake, na asukumapo huona mengi. Pande zote mbili kuna migomba, na chini ya migomba kuna kahawa, na katikati yake mahindi na maharagwe. Mifereji ya maji yaliyoelekezwa na wenyeji kutoka mlimani hukatiza njia hapa na pale. Kina mama huteremka na mikungu ya ndizi vichwani wakielekea sokoni, na punda hupanda na madumu. Kila tuliyempita alitusalimu, nasi tukajibu. Tulifika salama, tukakabidhi amana, tukanywa chai, tukawasikiliza watoto wakisoma, tukafurahi sana.

Sasa yatupasa tuseme kweli. Usiku wa kuamkia safari ile, kijana mmoja wa mtaani kwetu atengenezaye baiskeli alituambia, "Maalim, mipira ya breki zako imekwisha. Ngoja kesho nikubadilishie." Tulimjibu kwamba safari ni ya kheri, na kwamba tumemtegemea Mwenyezi Mungu. Jibu hilo lilitoka ulimini kwa wepesi, na aliyelisikia hakuweza kuligomba. Lakini baiskeli ile haikuwa ya kubebea ndizi. Ilikuwa ya gia, yenye matairi mapana, moja ya zile zilizotumika Ulaya zikaletwa kwetu kuuzwa kwa mitumba. Imeumbwa kwa milima, lakini breki zake zikiwa zimekwisha, ni sawa na mashua isiyo na usukani.

Usiku ule ilinyesha mvua ya masika. Udongo wa Meru ni mweusi, umetokana na moto wa volkano wa zamani. Wakati wa kiangazi huwa vumbi laini lifunikalo mawe na mizizi. Wakati wa masika huteleza kama sabuni, na maji ya mvua huchimba mitaro katikati ya njia. Tuliporudi kiasi cha saa nne, tuliiachia baiskeli ishuke. Ikashika mwendo. Tukabana breki ya nyuma, haikushika. Mbele yetu tukaona mfereji umekatiza njia, na mtoto mwenye mbuzi wawili amesimama ng'ambo yake. Tukabana breki ya mbele kwa nguvu zetu zote. Gurudumu la mbele likasimama ghafula, nasi tukarushwa juu ya usukani, tukatua kwa kiganja cha mkono wa kulia na kwa kidevu.

Mtoto yule alisalimika, alhamdulillahi. Bibi mmoja wa Kiarusha alitoka shambani mwake mbio, akatuosha uso kwa maji ya mfereji, akasema, "Pole sana, mzee wangu. Kaa kwanza, usiinuke." Hatukumsikiliza. Tuliinuka upesi kwa sababu ya haya, tukapangusa kanzu, tukashuka kwa miguu mpaka nyumbani.

Kifundo cha mkono kiliuma na kuvimba kidogo, lakini vidole vilikunjika, basi tukasema ni mshtuko tu. Tukakandwa kwa maji ya moto, tukachuliwa mafuta, tukafungwa kitambaa. Uvimbe ukapungua, maumivu hayakwisha. Kila tuliposhika chaki, palichoma chini ya kidole gumba. Na kwa nini hatukwenda hospitali? Wasomaji, sababu haikuwa fedha, wala haikuwa umbali. Tuliona aibu. Ni sisi tuliowafundisha wanafunzi wetu habari ya yule bedui aliyemwuliza Mtume wetu (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tungekwenda hospitali tungeulizwa tulivyoanguka, na habari ingefika madrasa kwamba Maalim ndiye aliyemwacha ngamia bila kamba.

Ramadhani ilipokuwa inakaribia kuandama, ahali yetu alituambia, "Maalim, leo ni siku ya kumi na saba. Usipokwenda hospitali kesho, nitampigia simu kaka yako aje kutoka Kondoa." Tulikwenda.

Daktari alitutazama usoni, kisha akabonyeza kishimo kidogo kinachoonekana pale mtu anyooshapo kidole gumba. Tukaruka kwa maumivu. Picha ya eksirei ikaonyesha ufa katika kifupa kidogo kilichoko pale. Alitueleza kwamba kifupa hicho kina tabia mbaya tatu. Kwanza, huvunjika mtu aangukapo huku ametandaza kiganja, na ndivyo waangukavyo wengi wa wapanda baiskeli. Pili, katika siku za mwanzo ufa wake mara nyingine hauonekani hata kwa picha, na vidole hukunjika vizuri, mtu akadhani amepona. Tatu, damu hukifikia kwa njia nyembamba, na kikicheleweshwa huweza kukataa kuunga, au sehemu yake ikafa, na kifundo kikawa kibovu maisha yote. "Umechelewa," alisema, "lakini hujachelewa kabisa." Akatufunga bandeji gumu kutoka karibu na kiwiko mpaka kidole gumba, akasema likae wiki 12.

Hapo ndipo tulipojua thamani ya mkono. Mwalimu wa chuo asipoandika alif na be ubaoni, afundishe nini? Tulijaribu kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala kama miti iliyopigwa na upepo. Mwisho mwanafunzi wetu mmoja mkubwa akawa ndiye aandikaye, nasi tunasema. Chakula tulikula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, na watoto wadogo wakatukodolea macho, kwani tulikuwa tumewakataza. Tukawaeleza kwamba mwenye dharura ana udhuru wake.

Tulihofu pia juu ya ibada. Daktari yule, ambaye si Mwislamu, alitupangia vidonge vya futari na vya daku bila sisi kumwomba, tukafunga mwezi wetu wote. Kuhusu udhu tulimwendea shekhe wetu, akatufunza kuosha vilivyo vizima, kupaka maji juu ya bandeji, na kutayamamu pamoja na hayo. Akatueleza pia habari ya kurudia sala kwa mwenye bandeji mahali pa tayamamu. Kila mwenye jeraha na amwulize mwanachuoni wake, kwani hukumu hutofautiana kwa mahali pa jeraha. Ama sijida, asiyeweza kuutegemea mkono hufanya awezavyo, hata kwa ishara. Dini yetu haikumbebesha mgonjwa mzigo asioweza kuuchukua.

Katika siku hizo za kukaa tulipata kusoma habari za mchezo huu wa kushuka milima kwa baiskeli. Tulidhani ni wa jana, kumbe una zaidi ya miaka 40. Vijana wa California, Marekani, walianza mwaka 1976 kushindana kuteremka mlima mmoja kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Mteremko ulikuwa mkali hata grisi ya breki iliungua ikatoka moshi, ikabidi kutiwa nyingine upya kila waliposhuka. Mwaka 1996 mashindano ya baiskeli za milimani yakaingizwa katika michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Basi hata hao waliouanzisha walijua kwamba jambo la kwanza ni breki.

Wala tusidhani kwamba ustadi humkinga mtu na yote. Suleiman Kangangi, mpanda baiskeli mashuhuri wa Kenya, alianguka katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akafariki naye ana miaka 33. Alikuwa kiongozi wa wenzake, amefanya mengi ili vijana wa Afrika Mashariki wapate nafasi katika mchezo huo. Ajali haimchagui mjinga peke yake. Lakini mjinga huiita kwa jina.

Kwa hiyo, enyi wazazi, tunawausieni haya. Kijana asiteremke mlima kabla ya kuzikagua breki zake zote mbili na matairi. Ashuke taratibu tangu juu, kwani mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Abane breki ya nyuma na ya mbele pamoja, kidogo kidogo, na aurudishe mwili wake nyuma. Avae kofia ngumu ya kukinga kichwa, na kofia iliyokwisha pata pigo kubwa isivaliwe tena, hata kama haina ufa wa kuonekana.

Na akianguka mtu, asiinuliwe kwa haraka. Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa hana fahamu, asisogezwe ila kwa kukimbia hatari, au mpaka waje wajuao. Aliyepigwa kichwa, kisha akatapika, au akalala usingizi usio wa kawaida, au akababaika, au maumivu ya kichwa yakazidi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mfupa uliotoka nje usisukumwe ndani. Ufunikwe kwa kitambaa safi. Jeraha lililoingia udongo lioshwe vizuri, na mwenyewe aende akachomwe sindano ya pepopunda. Kiungo kilichofungwa banzi au bandeji, vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikigeuka rangi, mgonjwa arudishwe mara moja, kwani kukaza kupita kiasi kumewapotezea watu viungo vyao. Na maumivu ya kifundo yakae siku chache tu bila kupona. Yakizidi hapo, nendeni.

Bandeji letu lilifunguliwa mwisho wa Julai. Mkono ulikuwa mwembamba, umekakamaa, kama si wetu. Tulipewa mazoezi ya kufinya mpira na kukikunja kifundo, mara tatu kwa siku, na wanafunzi wadogo wakawa wanatuhesabia. Ilipofika Idi ya Kuchinja, Agosti ile, tuliweza kushika chaki, lakini kisu hatukuweza. Alikishika ndugu yetu mdogo, nasi tukasimama kando tukisoma takbira. Hata leo, asubuhi za baridi ya mwezi wa Julai, mahali pale hutuambia kwamba pamewahi kuvunjika.

Siku ya kwanza tuliyoandika tena ubaoni, tuliwakalisha wanafunzi wote, wakubwa na wadogo, tukawahadithia habari ya breki na jibu tulilompa yule kijana fundi. Hatukuficha neno. Mtoto mmoja wa miaka minane akauliza, "Maalim, kwa hiyo ngamia wako alikuwa ni baiskeli?" Wakacheka wote, nasi tukacheka. Tukamjibu, naam, ndiye.

Baada ya hayo tulikwenda kwa fundi yule tukamtaka radhi, akatutilia mipira mipya. Ng'iresi twaendelea kwenda. Kupanda twapanda juu ya baiskeli kadiri ya nguvu zetu; kuteremka, penye mfereji na penye watoto, twashuka tukaikokota.

Mwenyezi Mungu awaponye walioumia, awahifadhi watoto wetu njiani, na atujaalie tuwe wenye kuyafanya tunayoyafundisha. Amin.