Tafuteni Nahodha Kabla ya Boti

Kashai, Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, na mama yako mkubwa nimemsomea. Tumefurahi sana kusikia kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita mtakuja wote, wewe, mkeo, watoto na mama mkwe wako, na kwamba safari hii hamtaki kukaa mjini tu na kula ebitoke, bali mnataka siku chache za ziwani, mvue samaki kwa mikono yenu. Watoto waliozaliwa Dar es Salaam wana haki ya kulijua ziwa la babu zao. Juu ya hilo sina neno. Neno langu liko kwenye zile picha ulizonitumia za boti zilizojengewa nyumba juu, zenye vitanda, jiko na baraza ya kukalia na mshipi, ukaniomba nikutafutie ya namna hiyo ya kukodi, hapa Bukoba au Muleba, mkae ndani yake siku nne.

Boti hizo nazifahamu. Zile zenye paa la kusukwa ni za Kerala, India, ambako boti zilizokuwa zikibeba mpunga ziligeuzwa kuwa nyumba za watalii. Nyingine, za ghorofa mbili, ni za Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Kerala boti hizo hupita zaidi kwenye mifereji na maziwa yaliyokingwa na ardhi. Kariba nako, jioni ikifika, huingizwa kwenye ghuba nyembamba zikafungwa ukingoni mpaka asubuhi. Ziwa letu haliko hivyo. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukisimama ufukweni Bukoba ukatazama mashariki, hadi ng'ambo ni zaidi ya kilomita 200. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hupata nafasi yote hiyo ya kusukuma wimbi mpaka kwetu. Nyumba ndefu juu ya boti bapa ni kama tanga lisiloweza kukunjwa: upepo ukilishika, nahodha hana la kufanya.

Kwa hiyo usishangae kwamba boti za namna hiyo huzioni zikikodishwa mialoni kwetu. Na kijana yeyote akikuahidi kwamba atapachika kibanda cha mbao na magodoro juu ya mtumbwi wa dagaa, mshukuru kwa moyo wake mwema, kisha ukatae.

Kuna jambo jingine zito kuliko wimbi la kusi, nalo ni usiku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, na pepo za nchi kavu za pande zote huteremkia ziwani, zikakutana huko na kuinua hewa yenye mvuke. Hapo ndipo radi na dhoruba huzaliwa, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na ndiyo maana sisi wa Bukoba tumezoea mvua kubwa za asubuhi. Juni huwa nafuu kuliko Aprili au Novemba, lakini nafuu si ahadi. Mvuvi wa dagaa hukesha huko kwa sababu ndiyo riziki yake, na hata yeye hurudi mbio akiona anga limebadilika. Mtoto wa miaka sita aliyelala fofofo ndani ya chombo hana sababu ya kuwa huko.

Laleni nchi kavu, mvue asubuhi. Hilo ndilo shauri langu, na ukilikubali mambo mengine yanakuwa mepesi. Chukueni nyumba ya wageni iliyo karibu na maji, amkeni mapema, mtazame anga, muingie ziwani kukishapambazuka vizuri, na saa tano muwe mmerudi kabla kusi halijachangamka. Watoto wakitaka kuona ziwa la usiku, wakae ufukweni. Mje siku za giza, si za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika. Siku za giza wataona taa zimetanda juu ya maji kwa msururu mrefu, watadhani kuna mji mwingine kule. Na wakishikilia kulala majini, basi mje kwa meli kutoka Mwanza. MV Victoria, iliyokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, husafiri usiku kuja Bukoba kupitia Kemondo, nayo ina vyumba vya kulala. Ulizia ratiba mapema.

Sasa boti ya asubuhi. Usianze na boti, anza na nahodha. Watu wengi huuliza bei kwanza, kisha ukubwa wa mashine, kisha kama kuna kivuli. Wewe muulize hivi: mara ya mwisho uliahirisha safari lini, na kwa nini? Anayejibu kwamba yeye hajawahi kuahirisha, muage kwa adabu uende kwa mwingine. Anayekueleza siku, wingu lilikaa wapi, abiria walikuwa nani na walisema nini, huyo endelea naye.

Nilipokuwa nikifanya kazi ya uvuvi mialoni, pale Nyamkazi alikuwepo nahodha mmoja ambaye kila asubuhi, kabla ya kufunga mashine, alisimama ameyapa maji mgongo. Alitazama kwanza milima iliyo nyuma ya mji, ndipo akageuka kutazama mlango wa maji kati ya nchi kavu na kisiwa cha Musira. Maji ya pale yakiwa yamebadilika rangi, yamejaa mikunjo midogo midogo ilhali ufukweni kumetulia, alifungua mashine, akatoa plagi, akaifuta kwa kitambaa na kuitia mfukoni. Wateja walikuja na fedha mkononi, na plagi ilibaki mfukoni. Siku moja watu waliotoka harusini walimsema maneno makali wakachukua chombo kingine. Walirudi jioni wamelowa hadi shingoni, mama mmoja akibebwa kwa kushindwa kusimama. Namna ya yule nahodha ndiyo ninayokutafutia. Na awe mwenyeji wa maji yale yale mtakayokwenda. Aliyelelewa Nyamkazi anaijua njia ya Musira gizani, lakini kumpeleka kisiwa cha Goziba ni kumpeleka ugenini. Viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa mialo, wanawajua watu wao, kwa hiyo waulize wao kuliko dalali wa stendi.

Ukishampata mtu, kikague chombo, tena ukiwa peke yako, siku moja kabla, familia ikiwa bado kitandani. Ingia ndani, inua mbao za sakafu. Maji kidogo si ajabu kwa mtumbwi wa mbao, lakini yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mguu na chombo kimelala tu usiku kucha, kinavuja. Pitisha kidole kwenye maungio ya mbao. Bati lililoinuka na misumari iliyokula kutu vitakueleza mwenye chombo ni mtu wa namna gani. Tazama upana kabla ya urefu, kwa sababu watoto hawakai mahali pamoja: samaki akivutwa upande mmoja, wote wataukimbilia upande huo. Mkishakaa na mizigo yenu, ubavu ubaki juu ya maji angalau urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Mashine iwashwe mbele yako, izimwe, iwashwe tena. Kuwe na plagi ya akiba, mafuta ya kwenda na kurudi na nusu yake zaidi, makasia mawili yanayofaa kupigwa kweli, nanga na kamba ndefu. Magugu maji yanayoletwa na Mto Kagera bado hutufikia, na yakijizonga kwenye panga la mashine mtahitaji makasia hayo. Kivuli cha turubai ni kizuri kwa mama mkwe wako, ila kiwe cha kufunguliwa kwa dakika moja upepo ukianza. Tena nikuambie wazi jambo ambalo wanaume hulisahau: boti hizi hazina choo. Msikae majini zaidi ya saa mbili au tatu bila kuteremka mahali penye staha.

Usikubali kupanda chombo kwa sababu tu kina leseni ya uvuvi, kwani leseni hiyo si ruhusa ya kubeba abiria. Mwambie mwenye boti akuonyeshe cheti cha ukaguzi cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, usome tarehe yake na idadi ya watu wanaoruhusiwa. Idadi hiyo ni pamoja na nahodha na msaidizi wake, na mtoto mchanga naye ahesabiwe. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101. Ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, ikikaribia kisiwa cha Ukara, walikufa zaidi ya watu 220. MV Bukoba uwezo wake ulikuwa abiria 430, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ilizama na mamia ya watu wetu waliopandia hapa na Kemondo. Wewe ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka matanga yalivyofuatana kijiji kwa kijiji. Hadi leo hakuna awezaye kutaja idadi kamili ya waliokuwamo, kwa kuwa wengi hawakuandikwa popote. Kwa hiyo, hata mkienda Musira tu, ambako mnakuona kwa macho, andika majina yenu yote kwenye karatasi, na saa ya kurudi, mwachie kiongozi wa mwalo nakala moja na mimi nyingine. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani hapa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 wakatoka hai. Jirani wa mwaloni ndiye atakayewafuata, basi ajue anawafuata wangapi.

Kuhusu mahali pa kwenda, siku ya kwanza nendeni Musira kutokea Nyamkazi. Ni karibu, kuna majabali, na watoto watapata sato au furu kwa ndoano ndogo kwenye maji ya kando ya mawe. Hiyo itawafurahisha kuliko kusubiri sangara siku nzima. Siku nyingine teremkeni Muleba. Bumbire ni kisiwa kikubwa, chenye watu na habari zake. Huko ndiko Stanley, yule mpelelezi, alikowamiminia watu risasi mwaka 1875, na watoto wako wana umri wa kusimuliwa. Lakini njia ya Bumbire ni ya maji wazi. Mkienda, mwende kwa chombo kikubwa zaidi na kwa siku iliyotulia, na mama mkwe wako abaki Muleba mjini akitaka. Goziba na Kerebe ziacheni kwa safari hii, ni mbali mno kwa watoto. Ukitaka sangara wa kupigiwa picha, iko Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Mtapita Muleba kuelekea kusini hadi upande wa Chato, mvuke kutokea Kasenda, na uvuvi wa pale ni kwa kibali na utaratibu wa TANAPA. Boti ni za kazi hiyo, walinzi wapo, na usiku mtalala kwenye nyumba, kama nilivyosema.

Kwingineko kote pitia kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri upate leseni yako. Usione aibu kwamba ni ya ndoano tatu za watoto. Sangara asiyefika sentimita 50 anarudishwa majini, na nitafurahi ukiwapa watoto rula wampime wenyewe. Wafundishe kumshika kwa mikono iliyolowa na kumwachia taratibu. Wasikubali kununuliwa chambo kilichovuliwa kwa nyavu za kokoro, hata kikiwa cha bei rahisi. Nimetumia miaka yangu kupigana na nyavu hizo, na jina letu lisionekane upande ule.

Na wasiogelee kwenye matete. Kichocho kipo, konokono wake hupenda maji tulivu yenye majani. Mkirudi Dar es Salaam, wapeleke wakapimwe baada ya wiki kadhaa, hata kama hakuna anayelalamika.

Kilichobaki kwako ni kimoja, na kina haraka. Majaketi okozi ya watu wazima yanapatikana, ya watoto ni shida. Jaketi likiwa kubwa, mtoto akitumbukia linapanda na kumfunika uso badala ya kumweka juu. Ukimvalisha, mshike mabegani mwa jaketi uvute juu. Likivuka kidevu halimfai. Nitumie uzito wa kila mtoto wiki hii, na kifua chake umpime kwa utepe. Nitamwagiza mtu aniletee kutoka Mwanza, na yale yatakayokosekana huko uyanunue Dar es Salaam mje nayo. Mkeo umsalimie, na mama mkwe wako umwambie shikamoo yangu.

Baba yako mkubwa