Mkaba wa saa nao unahitaji sabuni

Katika gazeti yetu tumekwisha kusoma juu ya meno, juu ya kucha na juu ya usafi wa chumba cha kulala. Leo sisi wa kundi la kengele tunataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakiangalii: mkaba wa saa, ule ambao wengine wanauita brasele.

Kazi yetu mnaijua. Tuko wanane. Kila juma mmoja wetu anavaa saa ya kengele na kupiga ile jante iliyotundikwa kwenye mwembe: kuamka, kuingia darasani, kula, kulala. Siku ya posho anaivua na kumpa mwenzake. Basi mkaba ni mmoja, lakini mikono ni minane.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alisumbuka sana. Darasani wengine walianza kuhama kiti akikaa karibu. Walisema haogi. Sisi tunaolala naye internati tulijua anaoga kila asubuhi, hata maji yakiwa baridi namna gani. Akanunua manukato, akajipaka. Harufu zikawa mbili. Mwisho mmoja wetu akanusa mkono wake, kisha akanusa saa. Kumbe ni mkaba! Tulipoufungua tukaona uchafu mweusi umejaa ndani ya vitundu na nyuma ya kile chuma cha kufungia. Na kwenye ngozi yake palikuwa vipele vyekundu vya kuwasha. Mtu msafi alikuwa anabeba sifa mbaya kwa sababu ya kipande cha niloni.

Harufu hii inatoka wapi? Jasho lenyewe, likitoka tu mwilini, karibu halinuki. Lakini chini ya mkaba linakaa pamoja na mafuta ya mwili, ngozi iliyokufa na sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri. Pale pana joto na unyevu, na hewa haipiti. Mikrobe zinakula vitu vile na kuleta harufu. Mwaka 2023 watafiti wa Florida Atlantic University, kule Marekani, walipima mikaba 20 ambayo watu walikuwa wanavaa mkononi. Asilimia 95 ilikuwa na mikrobe. Ile ya mpira na ya plastiki ilizidi. Ile ya dhahabu na fedha ilikuwa nazo kidogo sana. Si ajabu: kitu chenye vitundu na nyuzi kinashika uchafu, chuma laini hakiushiki sana.

Sasa tufanye nini? Kwanza ujue mkaba wako ni wa kitu gani, kwa maana kinachosafisha mmoja kinaharibu mwingine.

Ukiwa wa niloni au kitambaa, utoe kwenye saa, uufue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usugue kwa brosi ya meno ya zamani, usuuze mpaka maji yatoke safi. Usiuvae kabla haujakauka kabisa.

Ukiwa wa plastiki, mpira au silikoni, maji na sabuni kidogo vinatosha. Pitisha brosi ndani ya vitundu. Petroli na javeli, hapana! Zinauharibu.

Ukiwa wa chuma, sugua kati ya vipande vyake kwa brosi yenye maji ya sabuni, kisha kausha. Lakini saa yenyewe usiizamishe. Hata kama mgongoni imeandikwa metre 30, hiyo si ruhusa ya kuogelea nayo. Tena kile kimpira cha kuzuia maji kinazeeka.

Ule wa ngozi ndio unasumbua. Usiuloweshe. Upanguse kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, halafu kwa kingine kisicho na sabuni, uuache kivulini penye upepo. Kwenye jua kali au karibu na moto ngozi inakakamaa na kupasuka. Kama harufu imekwisha kuingia ndani kabisa, afadhali kununua mwingine.

Na vipele? Uache kuvaa saa mpaka ngozi ipone. Kama vinatoka pale tu chuma kinapogusa, labda ngozi yako haipendi nikeli. Umwonyeshe mganga wa dispensere.

Katika kundi letu tumeweka sheria moja. Siku ya posho anayemaliza zamu anafua mkaba asubuhi, anauanika, na jioni anampa mwenzake ukiwa mkavu. Hakuna anayepokea mkaba wenye jasho la mwingine. Mwenzetu yule vipele vyake vilikwisha, na kiti chake darasani kina jirani tena.

Jambo la mwisho, ndugu zetu. Ukisikia harufu kwa mwenzako, usimcheke mbele ya watu wala usihame kiti. Umwite kando, umwambie kwa upole, na muangalie pamoja: pengine mwili wake hauna kosa. Shati tunalifua kila juma, na mkaba unagusa ngozi kuliko shati. Siku ya posho inakaribia, sabuni tuko nayo. Vueni saa zenu, mnuse.