Mizimu ya Alcatraz, na Wasio na Mizimu

Hadithi za mizimu ya Alcatraz ninazipenda, siwezi kuficha. Eti usiku husikika banjo ikipigwa bafuni, na mpigaji ni Al Capone. Eti seli 14D ina baridi isiyoisha, kwa sababu kuna mfungwa aliyepiga mayowe usiku kucha kwamba mle ndani mna kitu chenye macho yanayowaka, na asubuhi akakutwa amenyongwa. Eti kwenye ujia walikofia Coy, Cretzer na Hubbard, katika jaribio la kutoroka la Mei 1946, vyuma bado vinagongana.

Tamu, sivyo? Ila kazi ya uandishi wa habari imeniharibu. Siwezi kusikia hadithi bila kuipekua. Capone alitolewa Alcatraz mwaka 1939 na akafia nyumbani kwake Florida mwaka 1947. Mzimu gani huo wa kuacha nyumba yake, ukavuka Marekani nzima, ili ukapige banjo katika bafu la jela? Na gereza lenyewe halikufungwa na mapepo. Lilifungwa Machi 1963 kwa sababu ya gharama: kila kitu, hata maji ya kunywa, kililetwa kwa boti kutoka San Francisco, huku chumvi ya bahari ikila kuta na vyuma.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayeruhusiwa kuwa mzimu. Mwaka 1895, kisiwa kikiwa bado gereza la jeshi, wanaume 19 wa kabila la Wahopi waliletwa kutoka Arizona wakafungwa humo kwa miezi kadhaa. Kosa lao? Walikataa watoto wao wasipelekwe shule za serikali, zile za kumnyoa mtoto nywele na kumnyang'anya lugha. Walikataa pia ardhi yao ikatwekatwe vipande vipande. Nimesoma masimulizi mengi ya kutisha kuhusu kisiwa kile, na sijakutana na mzimu hata mmoja wa Kihopi. Majambazi ndio wanaogonga vyuma. Baba aliyefungwa kwa kumtetea mwanawe, kimya.

Labda kwa sababu jambazi akigeuka mzimu hamdai mtu kitu. Unashtuka, unacheka, unapanda boti unarudi hotelini. Mhopi angekuuliza swali.

Hili nalijua kutoka nyumbani. Guka, baba yake mama, alizuiliwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Aliporudi hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa, hata msimu wa baridi. Usiku alikuwa akizungumza na watu tusiowaona, akiwataja kwa majina. Kijijini wakasema ana mapepo, kwamba kisiwa cha pwani kilimrogea akili. Watoto tulikatazwa kupita nyuma ya nyumba yake giza likiingia. Maelezo hayo yaliwafaa watu wengi. Kama ni pepo, basi hakuna haja ya kuuliza alipigwa na nani, au ni jirani gani aliyemtaja kwa askari.

Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilimuuliza: "Guka, ni kweli huko Manda kulikuwa na majini?" Alinitazama kwa muda, akasema, "Kulikuwa na watu tu, mwanangu." Nyanya akaniita nikachote maji, na habari ikaishia hapo.

Kwa hiyo sisemi tuache kusimulia mizimu. Utisho ni njia ya zamani sana ya kukumbuka, na watu wetu wameitumia vizuri. Ninachoomba ni orodha iongezwe. Kuanzia Novemba 1969 hadi Juni 1971, Wahindi Wekundu wa makabila mengi walikikalia kisiwa cha Alcatraz wakidai warudishiwe, na maandishi yao ya rangi yameachwa ukutani. Zaidi ya watu milioni moja hufika pale kila mwaka. Wakisimama mbele ya 14D wakisubiri baridi iwaguse, mtu awaambie pia habari za wale 19. Halafu awaache wasimame pale kidogo.