Daftari la Wachangia Damu, Tanga

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bango letu la Facebook limepata laiki mia nne na ushee. Juzi Jumamosi kituoni walifika watu saba. Hesabu hiyo imeninyima raha kutwa. Jioni nimepitia majina ya walioipenda posti: wengi wako Dar, Mwanza, mmoja Muscat. Wana moyo, lakini mishipa yao iko mbali na Tanga.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua daftari la waliowahi kuchangia. Mwanamume hurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Waliotimiza ni ishirini na sita. Nimeacha kutengeneza bango jingine, nimemwandikia kila mmoja WhatsApp kwa jina lake: muda wako umetimia, tarehe 14 saa mbili asubuhi, utaweza kuja? Mzee fundi cherehani haoni herufi ndogo, nikamtumia sauti: "Shikamoo mzee." Akajibu kwa sauti, cherehani ikinguruma nyuma yake: "Marahaba mwanangu. Nilikuwa nangoja kuitwa."

Kumbe alikuwa anangoja! Miezi yote hii tumekuwa tukiutangazia umma, naye hakujua kuwa umma huo ni yeye.

Jumapili, 9 Juni
Mwenzetu amebandika kundini picha ya mtoto mwenye selimundu akiwa kitandani. Mama yake hakuulizwa. Nimeifuta, nikampigia mama kumwomba radhi. Mtoto yule ana haki ya kukua bila picha ile kumfuata simu hadi simu. Kuanzia leo, hakuna picha ya mgonjwa.

Ijumaa, 14 Juni
Siku ya Wachangia Damu Duniani. Wamefika kumi na tisa, fundi akiwa wa kwanza, tepu ya kupimia ingali shingoni.

Nilipokuwa nagawa soda nilikumbuka ukame wa Kenya wa 2011. Kampeni ya Kenyans for Kenya ilipita shilingi milioni 500, na wananchi wa kawaida walichanga kidogo kidogo kwa M-Pesa. Mtu alitoa alichonacho, palepale alipo, kwa simu aliyokwisha kuizoea. Nasi tusimtafutie mtu programu mpya ya kupakua wakati WhatsApp anayo.

Jumatano, 19 Juni
Sweden mchangiaji hupata ujumbe wa simu damu yake inapotumika. Sisi mtambo huo hatuna, ila muuguzi wa kituo tunaye. Nimemuuliza. Damu ya Ijumaa imeshapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Iliyo salama imekwenda wodini. Nimewarudishia habari wote kumi na tisa, mmoja mmoja. Tumezoea kuwatafuta watu tukiwa na shida. Leo tumewatafuta kuwapa majibu.

Usiku fundi amejibu. Safari hii cherehani imenyamaza. "Nimesikia, mwanangu. Basi niandike Septemba."

Nimemwandika.