Samaki Wasio na Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto Bunyakiri, huko Kivu nchini Kongo, samaki wa kijito hakuwa na bei. Samaki wa bei alikuwa yule mkavu wa sokoni Bulambika, aliyetoka mbali, na mwenye pesa ndiye aliyemla. Wa kijito alikuwa wa mwenye kitunga, na wenye vitunga walikuwa akina mama na watoto.

Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, maji yakishapungua. Nyanya na wenzake waliingia katika vijito vinavyoteremkia mto Luhoho, wakachagua mahali pembamba, wakapaziba kwa mawe, vigogo vya migomba na tope. Hatua kadhaa chini yake waliweka kizuizi cha pili. Maji ya katikati yalichotwa kwa mabeseni na kumwagwa nje mpaka mawe yakaonekana. Hapo sisi watoto tukaachiliwa kupapasa kwenye mashimo ya ukingo: kambale wadogo wenye miiba iliyotutoa machozi, kaa, na samaki wembamba wenye pua ndefu waliojificha chini ya mizizi. Jua likielekea kuzama, vizuizi vilibomolewa. Hilo halikujadiliwa. Waliokaa chini walingoja maji yao, na aliyeacha kijito kimezibwa alitajwa kwa ubaya kilima kizima. Usiku uleule maji yalitiririka kama kawaida, na kiangazi kilichofuata samaki walikuwepo.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mto unaweza kuzibwa. Nilichochelewa kukijua ni kwamba samaki anavumilia zaidi kuzibiwa njia kwa siku moja kuliko kuzibiwa riziki mwaka mzima.

Nyanya alijua wanakula nini, kwa sababu yeye ndiye aliyewapasua. Mvua za kwanza zilipowatoa kumbikumbi, matumbo ya samaki yalijaa mabawa. Siku nyingine alikuta siafu, mbegu za matunda ya porini, viwavi. Kijito cha msituni kiko kivulini, hakioteshi majani mengi ndani yake. Chakula chake kingi hudondoka kutoka juu. Majani yanayoanguka huoza, yakalisha mabuu ya wadudu. Mabuu hujishikiza kwenye mawe, na samaki huwatoa huko mmoja mmoja. Wengine hukwangua ute wa kijani uotao juu ya mawe hayohayo. Kulikuwa na kambale mmoja mdogo, mwenye mdomo wa kunyonya, aliyejigandisha kwenye jiwe katikati ya maji makali bila kusogezwa. Wote hao walitegemea kitu kimoja, mwendo wa maji. Mwendo ndio ulioleta chakula, ukaosha mawe, ukayatia maji hewa.

Ukuta wa kudumu ulikuja baada ya vita. Vyenyewe viziba vya samaki si vigeni Kivu: baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Wabelgiji iliwahimiza watu kote Kongo wachimbe viziba na kufuga tilapia. Lakini vita vilipozuka mwaka 1996, watu wetu walilala porini zaidi ya kulala nyumbani. Viziba vilibomoka, na samaki waliokuwamo waliliwa na kila aliyepita na bunduki. Utulivu uliporudi kidogo kidogo, watu wa kilima chetu waliungana wakajenga ukuta wa udongo uliokikata kijito kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yake yalilisha viziba, na baadaye yakazungusha mtambo mdogo wa kuwasha taa na kuchaji simu. Simu yangu nilichaji hapo. Tilapia wa pale nimekula, tena kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na sikulalamika.

Mwaka wa kwanza wengi walisema ukuta umeleta samaki. Mvua zilipoanza, samaki wa kijito waliokuwa wakipanda kwenda kutaga mayai kwenye changarawe za juu walifika chini ya ukuta wakakwama. Walijazana pale, wakirukaruka, na watoto waliwaokota kwa mikono. Tulikula mpaka tukagawia majirani. Kumbe tulikuwa tunakula wazazi. Mvua zilizofuata walikuja wachache, na baada ya misimu michache hakuna aliyeenda tena pale na kitunga.

Juu ya ukuta mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Maji yaliposimama, udongo ulioshuka kutoka mashambani ulituama. Mawe yakafunikwa na tope. Mabuu wanaohitaji jiwe safi wakatoweka, na waliowala wakawafuata. Kambale wa mdomo wa kunyonya sijamwona tena kwenye kijito kile. Tilapia, kinyume chake, alinenepa. Huyu hula karibu kila kitu: vijimea vinavyoelea, majani ya muhogo, pumba, mabaki ya jikoni. Mama tilapia wa viziba vyetu huatamia mayai yake kinywani, hivyo changarawe hana haja nayo. Maji yaliyosimama yalimfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine. Na chini ya ukuta, wakati wa kiangazi, maji yote yalipoelekezwa kwenye viziba, kijito kilibaki vidimbwi vyenye joto. Hata miti ya ukingoni ilikatwa ili jua lifike, na chakula kilichokuwa kikidondoka kikakoma.

Nilipohamia mjini Bukavu nilikuta habari hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. Maji ya Bunyakiri huenda magharibi, yakafika mito ya Lowa na Lualaba. Ya Bukavu hushuka kusini kwa mto Ruzizi, kutoka Ziwa Kivu hadi Tanganyika. Mto huo ulizibwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mtambo wa umeme wa Ruzizi I, kisha ukaja Ruzizi II mwaka 1989, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mto wa mitambo haufuati mvua tu, hufuata pia taa za watu. Maji huachiliwa umeme unapotakiwa na hubanwa usipotakiwa, na mayai yaliyotagwa ukingoni huweza kukutwa na ukavu kabla ya kuanguliwa.

Na ni Bukavu nilipozoea kula samaki aitwaye sambaza. Kabla ya 1959 hakuwepo katika Kivu; aliletwa kutoka Tanganyika kwa sababu katikati ya ziwa, ambako vidudu vidogo vya maji vilielea kwa wingi, hapakuwa na samaki wa kuvila. Alivila kweli, hata aina moja kati ya zile kubwa ikatoweka ziwani. Samaki huyohuyo alipelekwa mwaka 1967 na 1968 katika ziwa la bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi. Wale samaki wa mtoni waliokuwa wakipanda na mafuriko walikuwa wamepungua tangu mto ufungwe, lakini huyu alistawi katika maji mapana yaliyotulia, akapita hata mitambo na kufika Cahora Bassa, Msumbiji. Nilipopata kulijua hilo, nilimkumbuka tilapia wetu.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bwawa linamaliza samaki. Pengine kilo zilizotoka kwenye viziba vyetu zilizidi zile za vitunga vya akina nyanya. Kilichobadilika ni nani anamfikia huyo samaki. Sambaza huvuliwa usiku kwa mitumbwi iliyounganishwa mitatu mitatu, kwa taa na wavu mkubwa; ni kazi ya mwenye mtaji. Tilapia ana kamati, ana mlinzi, ana siku ya kuvuliwa. Leo sambaza wakavu wanapakiwa Bukavu, wanavuka mlima kupitia Mbuga ya Kahuzi-Biega, wanapimwa kwa kopo sokoni Bulambika, umbali mfupi kutoka kwenye vijito ambamo mtoto wa maskini alikuwa akijitafutia kitoweo bila kuomba ruhusa. Mjane asiye na hisa katika kiziba sasa hula sombe tupu.

Mataifa yetu matatu yanajiandaa kwa Ruzizi III, ya megawati 206, na kilimani kwetu wanazungumza kuinua ukuta. Sipingi taa, nimesomea kwenye kibatari, najua thamani yake. Nimewaandikia ndugu zangu wa kamati mambo matatu: ukuta uachwe na tundu la chini lisilofungwa hata kiangazi; mvua za kwanza zikifika, maji yafunguliwe na samaki wapewe mfereji wa kupandia pembeni; na miti ya ukingoni irudishwe. Nikaongeza la nne, ambalo halihitaji saruji: kwenye mkutano waitwe wale akina mama wachache waliobaki wanaojua samaki gani alikula nini, na kijito kilipaswa kuachiliwa saa ngapi. Mhandisi atapima maji yanayoingia kwenye mtambo. Wao watamwambia yapi yasiguswe.