Besi ya Baba ina bei gani?

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali. Ukiwa harusini, na wimbo wa zamani wa rumba uanze kulia, ni kitu gani hasa kinachokuinua kitini? Wengi watajibu kwamba ni gitaa la solo. Wengine watataja ngoma au sauti ya mwimbaji. Lakini ukisikiliza vyema utagundua kuwa ni ile sauti nzito inayokugonga kifuani, ambayo wengi hawaijui hata jina. Hiyo ndiyo besi. Mpigaji wake husimama nyuma, karibu na ngoma, na jina lake hutajwa mwisho iwapo litatajwa.

Nayajua haya kwa sababu nimelelewa na mpiga besi. Marehemu Baba alipiga katika mahoteli ya Mombasa na baadaye Nairobi, miaka ile ya 1970 ambapo bendi kutoka Zaire kama Super Mazembe zilikuwa zimepiga kambi mjini na benga ya kina D.O. Misiani na Shirati Jazz ilikuwa ikitikisa mashambani. Alipofariki mwaka wa 2019 hakutuachia ploti wala gari. Alituachia deni dogo dukani, suti mbili, na gitaa la besi lililopakwa rangi ya samawati, ambalo Mama amelihifadhi chini ya kitanda.

Mwaka huu kitindamimba wetu aliitwa chuo kikuu. Karo ya muhula wa kwanza ilipohesabiwa, kaka yangu mkubwa alisema jambo ambalo kila mtu alikuwa akilifikiria: "Tuliuze lile gitaa." Dalali mmoja wa vyombo vya muziki aliitwa. Alilitazama kwa dakika tatu, akakunja uso, akasema hilo ni kuukuu na rangi imeharibika, ila kwa kutuhurumia angetupa Sh45,000. Kaka alikuwa tayari kupeana mkono. Mimi nilisema ngoja kidogo.

Unaweza kuuliza, msomaji, kitu kikuukuu kina thamani gani? Swali zuri. Lakini magitaa si friji.

Kabla ya miaka ya 1950, mpiga besi alibeba mdude mkubwa wa mbao unaozidi kimo cha mtu mzima, na ambao bado haukusikika vyema ngoma na tarumbeta zikipamba moto. Mwaka wa 1951, fundi wa redio kutoka Fullerton, California, aliyeitwa Leo Fender, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa besi ya umeme inayovaliwa begani. Aliiita Precision, yaani yenye usahihi, kwa kuwa vile vyuma vilivyopigiliwa shingoni humwonyesha mpigaji mahali hasa noti ilipo. Mwaka wa 1960 akatoa nyingine, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi. Mwanzoni mwa 1965 kampuni yake ikanunuliwa na CBS kwa dola milioni 13, na tangu hapo wakusanyaji wamekuwa wakibishana. Wapo wanaoapa kwamba kilichotengenezwa kabla ya mauzo hayo ni dhahabu na kilichofuata ni shaba. Mimi naona huo ni ushabiki kama wa Gor na AFC. Zipo besi mbovu za 1962 na zipo nzuri za 1968. Lakini soko halisikilizi maoni yangu. Mwaka una bei yake.

Jina la mwenyewe pia lina bei. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi ya Höfner yenye umbo la fidla mjini Hamburg mwaka wa 1961. Ikaibwa mwaka wa 1972. Ilipopatikana na kurudishwa kwake, habari hizo zilipotangazwa mwaka wa 2024, dunia nzima ilizungumzia kipande hicho cha mbao. Ya James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown, iliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka wa 1983. Baba hakuwa Jamerson. Kwa hivyo gitaa lake lilipaswa kujitetea lenyewe.

Nililibeba hadi kwa fundi ninayemfahamu, mzee anayerekebisha magitaa katika chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Kaka alikuja pia, nafikiri ili kunilinda nisidanganywe. Dalali alikuwa ameanza kwa kutazama jina lililo kichwani mwa gitaa na kumalizia hapo hapo. Mzee hakulitazama kabisa. "Jina ni karatasi, mwanangu," aliniambia. "Hata mimi naweza kulibandika leo jioni." Kisha akachukua bisibisi.

Ukipata nafasi ya kutazama kazi hii, usiikose. Shingo ya Fender haikugundishwa kwa gundi kama ya magitaa mengine. Imeshikwa na skrubu nne zinazopita katika bamba la chuma mgongoni. Bamba hilo lina nambari ya kiwandani, na watu wengi hudhani nambari hiyo inamaliza mambo. La hasha! Bamba hubadilishwa kwa dakika tano. Mzee alilegeza nyuzi kwanza, akatoa skrubu moja baada ya nyingine, akaivuta shingo taratibu. Pale mwisho wake, mahali ambapo huwa pamejificha ndani ya mwili wa gitaa, palikuwa na mhuri wa wino uliofifia: mwezi wa Julai, mwaka wa 66, na herufi inayoonyesha upana wa shingo. Kaka aliinama akausoma mara mbili. Baba alikuwa amelimiliki gitaa hilo kwa zaidi ya miaka 40, na nadhani hakuwahi kuuona mhuri huo.

Hata hivyo mhuri wa shingo huthibitisha shingo pekee. Mwili unaweza kuwa wa mwingine. Kwa hivyo alifungua kile kibao cha plastiki cha mbele. Chini yake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ndizo zinazonasa mtikisiko wa nyuzi (wanamuziki huziita pikapu, usidhani ni gari la kubebea mboga), na kuna vile vidude vya kuongezea na kupunguzia sauti. Vidude hivyo vina nambari ambazo ukijua kuzisoma zitakupa tarehe. Tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Kimoja kilianza na 304 66, basi ni cha 1966. Cha pili kilikuwa 137 na mwaka wa 74. Hapo risasi ya kulehemu ilikuwa imerundikana kama ugali ulioungua, kumaanisha kuna mtu aliyewahi kubadilisha. Mzee alinionya pia kuwa nambari ya 66 si hoja kubwa, kwani kiwanda hicho kilinunua vidude vingi mno mwaka huo, vikatumika katika magitaa ya hadi 1969 hivi. Nambari hukueleza tu kwamba gitaa si la kabla ya hapo.

Habari mbaya ilikuwa rangi. Ndani ya mashimo ya mbao tuliona rangi ya kiwandani, ile ya machweo, njano katikati ikielekea wekundu na weusi pembeni. Juu yake mtu alipaka samawati kwa brashi, labda ili lifanane na sare za bendi. Katika biashara hii, gitaa lililopakwa upya hupoteza takriban nusu ya bei. Nikamwuliza kama tungeikwangua. Akanitazama kama mtu aliyetaka kufua noti ya pesa. Ukikwangua, unaondoa na hiyo iliyo chini, na hutapata wa kukuamini tena.

Kisha akaliunganisha na kulipiga, na hili ndilo dalali hakujisumbua kufanya. Alilikodolea macho kutoka kichwani kama seremala anavyotazama ubao, kuona kama shingo imepinda. Akapiga kila noti, chuma cha kwanza hadi cha 20, nyuzi zote nne. Kwenye uzi mwembamba kabisa, karibu na chuma cha sita, sauti ilizimika haraka. Nilishtuka. Akacheka. Hiyo ni tabia ya besi nyingi za aina hii, mpya na za zamani, na haipunguzi chochote. Noti nyingine zote zilikaa.

Jambo moja zaidi kwa yule anayefikiria kuuza ng'ambo. Ubao wa vidole wa magitaa haya ni wa mti wa rosewood, ndugu wa mpingo wetu. Ule wa Brazil umewekewa vizuizi vikali vya biashara ya kimataifa tangu 1992, na besi za miaka ya 1960 huweza kuwa na wa Brazil au wa India. Usipojua ni upi, na usipokuwa na kibali kinachohitajika, mzigo utakamatwa forodhani, na pesa za mnunuzi utazisikia tu kwenye bomba.

Mwishowe mzee aliandika kila kitu katika karatasi ya daftari: shingo halisi, mwili halisi, rangi si halisi, kidude kimoja si halisi, funguo za kukazia nyuzi ni zenyewe. Hata likiwa na kasoro hizo, alisema, wanunuzi wa ng'ambo hulipa maelfu kadhaa ya dola kwa besi kama hiyo. Hakutaka kutaja zaidi. Njiani kurudi nyumbani, Kaka alikaa na gitaa mapajani ndani ya matatu na kukataa kondakta asilisogeze.

Jioni hiyo tulibishana, sitakuficha. Kaka alisema ikiwa lina bei hiyo, basi ndiyo sababu zaidi ya kuliuza. Alikuwa na haki. Karo hailipwi kwa kumbukumbu. Mimi nilisema tusiuze kwa haraka ya Septemba kitu ambacho Januari hakitakuwa kimeshuka bei. Mama alisikiliza hadi tukanyamaza, kisha akauliza kama bado linalia. Nikamwambia linalia. Akasema atakopa kwa chama chake muhula huu, na muhula ujao kitindamimba mwenyewe ndiye atakayeamua, kwa kuwa karo ni yake. Mkopo huo unapaswa kurudishwa kufikia Desemba, na kila mmoja wetu ana fungu lake.

Dalali alipiga simu tena juzi. Alikuwa amepanda hadi Sh90,000. Kaka ndiye aliyepokea, na nilimsikia akimwuliza kama safari hii atakuja na bisibisi.