CHUI ALINIFUNDISHA KUTUNZA MBUZI



Je, umewahi kuamka asubuhi ukakuta mbuzi wako hayupo? Mimi yalinipata. Mwaka 2018 chui aliingia zizini mwangu mara tatu. Alichukua mbuzi wanne. Mmoja alikuwa na mimba. Nilitegemea kuwauza mbuzi hao ninunue mabati ya nyumba.

Nilikasirika sana. Nilinunua sumu, nikaificha darini. Nilingoja siku ya kumtegea adui yangu.

Mwaka 2019, mwezi wa Agosti, wanakijiji tulipelekwa kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 14,763. Sisi ni majirani zake, lakini wengi wetu tulikuwa hatujaingia ndani.

Tulilala Seronera. Asubuhi, saa moja, tulikuwa garini karibu na mto. Ghafla dereva akazima gari. Mhifadhi akatunong'oneza, "Ndugu zangu, tazameni chini ya ule mgunga."

Kwanza sikuona kitu. Madoa ya chui yalifanana na vivuli vya majani. Kisha nikaona mkia ukitikisika. Moyo wangu ukaruka. Mbele yake, kama hatua mia moja, swala pala walikuwa wakila majani.

Chui alikwenda tumbo likigusa ardhi. Swala walipoinama kula, yeye alisogea. Walipoinua vichwa, yeye aliganda kama jiwe. Kutoka nyasi hizi mpaka nyasi zile, kutoka kichaka hiki mpaka kile. Nusu saa nzima ilipita. Garini hakuna aliyekohoa.

Mhifadhi alitueleza kwa sauti ya chini. Duma hushinda kwa mbio. Simba mara nyingi huwinda kwa kundi. Lakini chui huwinda peke yake, wala hawezi kukimbiza mnyama kwa mbali. Ni lazima ajifiche mpaka abakiwe na mita chache tu. Ndipo huruka na kukamata koo.

Basi, chui yule akafika mwisho wa nyasi. Mbele yake palikuwa peupe. Alilala pale, akasita. Akanyanyua mguu mmoja. Papo hapo swala mmoja alimwona, akatoa mlio mkali wa puani. Wote wakageuka kumtazama.

Unadhani chui alifanya nini? Hakuwafukuza. Aliinuka, akaondoka polepole kama mtu aliyeumbuka. Alikwenda na njaa yake.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nililifikiria zizi langu. Vichaka viligusa ua wake. Ua wenyewe ulikuwa mfupi, tena wazi juu. Njia ya chui nilimtengenezea mwenyewe!

Nikamweleza mhifadhi habari ya ile sumu. Hakunigombeza. Alisema, "Mzee wangu, sumu haichagui. Itaua chui, itaua fisi, tai na mbwa wako. Mtoto akiigusa, je?" Alinikumbusha pia kwamba kuua wanyama wa porini kwa sumu ni kosa la jinai.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea bwana nyama sumu ile. Halafu nikafanya kazi hizi:

Nilifyeka vichaka vyote kulizunguka zizi, hatua thelathini kila upande.

Niliongeza kimo cha ua kwa miti na miiba. Juu niliezeka kwa matawi yenye miiba. Kumbuka, chui ni hodari wa kupanda. Anaweza kubeba mtini mnyama mwenye uzito kama wake.

Ninafungia mbuzi kabla jua halijatua. Ninawahesabu kila siku.

Kazi hiyo ilinichukua siku sita. Tangu hapo nimeziona nyayo za chui mara mbili, pale vichaka vinapoishia. Zizini hajaingia tena. Nyumba yangu sasa ina mabati.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chui akikusumbua, toa taarifa serikali ya kijiji au kwa bwana nyama mapema. Usishike sumu.

Na leo jioni, ndugu msomaji, lizunguke zizi lako. Inama chini kama chui, utazame. Je, unaweza kuufikia mlango bila kuonekana? Kama unaweza, kesho asubuhi chukua panga.